Siku Jirani Hakunicheka

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, nikiwa nyumbani kwangu Minto, pembeni mwa jiji la Sydney, Australia, nilifiwa na ndugu yangu mkubwa. Siku hiyo hiyo kijana wetu, mkimbiaji wa Kenya, alishindwa katika mbio za mita elfu tatu za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo hakuna mtu niliyemjua aliyedhani angezipoteza. Ndugu yangu alitangulia kwa saa nne hivi. Lakini mimi niliyaona ya mbio kwanza, na nikayalilia kwa sauti mbele ya watu ambao tayari walikuwa wanajua lile lingine. Shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hiyo nitaeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Ndugu yangu alinizidi miaka sita. Shuleni alikuwa anakimbia mbio hizo hizo. Uwanja wetu haukuwa na bwawa la maji, kwa hiyo mwalimu aliwafanya wanafunzi wachimbe shimo kwenye kona na kulijaza kwa ndoo, na mbele yake wakaweka gogo la mkaratusi juu ya mawe. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba lile gogo halirukwi, linakanyagwa. Unaweka mguu mmoja juu, unajisukuma mbele, unatua ukingoni mwa maji na kuendelea. Mimi nilikuwa natua katikati ya shimo, na yeye alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Alifika mpaka mashindano ya mkoa, akamaliza nyuma kabisa, akarudi nyumbani kukamua ng'ombe wa baba. Sikumsikia akilalamika.

Tangu nihamie Sydney, mazungumzo yetu yalikuwa ni hayo ya mbio. Sisi si watu wa simu. Siku ya kawaida angeniuliza habari za huku, ningesema nzuri, angeuliza kama kuna baridi, ningesema ipo, kisha tungebaki tunasikilizana pumzi. Lakini baada ya mbio za viunzi tungeweza kuongea saa nzima, kiunzi kwa kiunzi, nani alibanwa ndani, nani alitangulia mapema mno. Tulikuwa na sharti moja: hakuna kupigiana simu kabla ya mbio. Mwaka mmoja tuliongea siku iliyotangulia, tukagawa medali zote tatu kwa Kenya, na kesho yake mkimbiaji wetu mmoja akajikwaa na kuanguka. Ndugu yangu akasema ni mdomo wetu. Tangu hapo tukalishika sharti hilo kama watu wa dini.

Miaka miwili ya mwisho figo zake ziliharibika. Alikuwa anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Kila tulipomaliza kuongea juu ya mbio alikuwa ananiuliza, "Unakuja lini?" Mimi nilikuwa najibu, "Desemba." Desemba mbili zilipita. Nilikuwa na sababu, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kweli.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikuwa kazini. Nafanya kazi ya kufua katika nyumba moja ya kutunza wazee, upande wa Campbelltown. Nilikuwa nakunja mashuka simu ilipotikisika mfukoni, ikakatika. Ikatikisika tena, ikakatika. Ndugu yangu alikuwa amenibipu. Nilitazama jina lake, nikairudisha simu mfukoni. Nilijiambia kwamba mbio ni kesho, sharti ni sharti, nitampigia baada ya mbio tukiwa na la kusema. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuulizwa nakuja lini, na nilifurahi kwamba sharti lipo.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, sisi tulioko huku. Mtu akifiwa nyumbani, hapewi habari kwa simu. Walioko nyumbani hutafuta mtu mwingine wa kumwambia, na katika kikundi chetu cha Wakenya huyo ni mwenyekiti, mama mmoja nesi anayekaa Auburn. Yeye hukusanya watu. Wanakwenda wengi pamoja, wamebeba mkate, maziwa na chupa ya chai, na magari wanayaacha mbali kidogo na nyumba. Mke au mume huambiwa mapema ili aifiche simu, maana siku hizi kifo kinafika kwenye WhatsApp kabla jeneza halijanunuliwa. Na mfiwa haambiwi kabla hajatia kitu tumboni, kwa sababu akishaambiwa hatakula tena mpaka kesho kutwa. Mimi mwenyewe nimekwenda kwenye nyumba za watu namna hiyo, tena mara kadhaa. Nimebeba chupa ya chai kwa mikono yangu.

Kwa hiyo ningepaswa kujua.

Mbio zilikuwa zinakimbiwa Marekani, jioni yao, na huku kwetu ilikuwa saa sita mchana. Mke wangu aliniambia simu yangu inachaji chumbani. Sikuwa na haja nayo mpaka mbio ziishe, kwa hiyo sikuuliza zaidi. Saa tano na nusu akaingia jirani yangu. Yeye ni Mrundi, alizaliwa kambini kule Kigoma, na anaendesha forklifti kwenye maghala ya hapa hapa Minto. Ni mtani wangu. Kwao kuna wakimbiaji wa mbio ndefu, na kwa miaka mingi alikuwa anasubiri siku tutakayopigwa kwenye viunzi. "Nyinyi munajua kuruka tu," alikuwa ananiambia, "kama mbuzi ya mwizi." Wiki ile alikuwa ameniahidi: "Jumapili mutalia. Mimi nitakuja na taulo ya kuwapangusa."

Nikamuuliza mlangoni, "Taulo iko wapi?"

"Nimeisahau, mtani," akasema, akapita akakaa.

Nyuma yake wakaja mwenyekiti, wazee wawili wa kanisa, na mke wa mmoja wao. Wote walikuwa na nguo za ibada. Mwenyekiti alikuwa na chupa kubwa ya chai na mikate miwili. Nilifurahi kweli. Nilisema, "Mwenyekiti! Umetoroka ibada kwa ajili ya mbio?"

"Mungu atanisamehe," akasema. "Umekula, ndugu yangu?"

"Nitakula baadaye."

"Kula kwanza. Hata kipande cha mkate."

"Mwenyekiti, kijana anakimbia saa hii. Unataka nitapike kwenye zulia?"

Walicheka, lakini walichelewa kidogo kucheka. Niliona mwenyekiti akimtazama mke wangu, na mke wangu akaenda jikoni, yeye na jirani wakamfuata. Mimi nikadhani wanajali zulia.

Kwenye televisheni wakimbiaji wakajipanga mstarini. Kijana wetu alikuwa hajashindwa kwa muda mrefu kiasi kwamba watangazaji walikuwa wanaongea kuhusu nani atakuwa wa pili. Nilikaa mbele kabisa, kwenye stuli, nikiwa nimewapa wote mgongo. Mizunguko ya kwanza ilikuwa ya polepole, hakuna aliyetaka kuongoza. Nilianza kuwaeleza wageni kila kitu, kama vile wamekuja kujifunza. Nilisema, tazameni anavyokaa nje, hataki kubanwa. Tazameni mguu wake kwenye maji. Niliongea peke yangu dakika saba na sikuona kwamba naongea peke yangu.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia kijana wetu akatoka. Nikasimama. Alifungua mwanya, akaudumisha mpaka upande wa pili wa uwanja, akalikaribia bwawa la maji akiwa wa kwanza. Alikanyaga kiunzi vizuri, akatua vizuri. Sikuona kosa hata moja, na mpaka leo nikiikumbuka sioni kosa. Ila alipotoka majini miguu yake ilikuwa mizito, basi. Mtu mmoja akampita kabla ya kiunzi cha mwisho. Wa pili akampita juu ya kiunzi chenyewe. Karibu na utepe akapitwa na wa tatu. Yule aliyeshinda alikuwa kijana ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja, na yeye mwenyewe alishika kichwa kama mtu aliyeibiwa.

Nilipiga kelele. Nilimtukana kijana wa watu, ambaye hajanikosea lolote. Nilisema ametuaibisha, nilisema afadhali angebaki nyumbani. Machozi yalinitoka, sifichi. Kisha nikageuka kumtazama jirani, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa ameisubiri miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia, "Haya, sema."

Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sema, mtani! Si ulisema tutalia? Ndiyo hii tunalia."

"Hapana, mtani," akasema polepole. "Leo hapana."

Nikamtazama mwenyekiti, nikaitazama ile chupa ya chai mezani, ambayo hakuna aliyekuwa ameigusa. Bado sikuwa nimejua, au sehemu yangu moja ilikuwa imejua na nyingine inakataa. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Nileteeni simu nimpigie mkubwa. Lazima na yeye ameona." Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuondoka. Hakuna aliyeondoka.

Jirani ndiye aliyeinuka. Alinikalisha kwenye ile stuli, akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti yote mawili.

"Mtani," akasema, "ni yeye. Mkubwa wako hayuko."

"Tangu lini?"

"Saa mbili asubuhi, saa ya hapa."

Saa mbili asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo cha televisheni.

Baadaye mke wangu alinieleza walivyopanga. Jirani alitaka niambiwe kabla ya mbio. Alisema si haki mtu kushangilia mpira, aliita mpira, huku ndugu yake amelala mochari. Mwenyekiti alisema sijala. Walibishana jikoni kwa kunong'ona, na mwisho wakamwachia mke wangu aamue. "Nikasema tukuache uone," aliniambia. "Nilidhani atashinda. Nilisema akishinda utafurahi, utakula, halafu tutakuambia ukiwa na nguvu." Wote walikuwa wanaitegemea ile nafasi ya kwanza. Walikuwa wameuegemeza msiba wangu kwenye miguu ya kijana mmoja aliye Marekani, na yeye hakujua.

Nimejiuliza kama niliwakasirikia. Nadhani nilimkasirikia mke wangu siku mbili, kisha ikaisha, kwa sababu ningekuwa mimi na chupa ya chai mikononi ningefanya hivyo hivyo. Jambo lisiloisha ni jingine. Ni lile la kukunja mashuka Jumamosi. Niliwahi kumwambia mchungaji habari hiyo, akaniambia sikujua, na mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Maneno yake ni mema, lakini mimi najua nilichokijua. Nilijua ni yeye anapiga. Nilijua ni mgonjwa. Nilijua pia kwamba hajawahi kulivunja sharti letu, tangu tuliweke, hata mara moja. Mtu wa namna hiyo akibipu siku moja kabla ya mbio, ungepaswa kutoka nje na kumpigia.

Siku ile walisali, wakanilazimisha chai na mkate, nikala kama mtoto mgonjwa. Jioni, kabla wageni hawajaondoka, mwenyekiti alimruhusu mke wangu anirudishie simu. Nilipiga namba ya ndugu yangu mwenyewe kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Shemeji, mke wake, ndiye aliyepokea. Nyuma yake nilisikia watu wengi, na mtu akigonga bati.

Tulilia kidogo. Halafu nikamuuliza, "Shemeji, Jumamosi alinibipu. Alikuwa anataka nini?"

Nikamsikia akisogea mbali na kelele za watu.

"Jumamosi?" akasema. "Sijui, shemeji. Jumamosi alilala sana. Hiyo simu ilikuwa na watoto, walikuwa wanacheza nayo. Inaweza kuwa ni wao."

"Inaweza kuwa ni yeye pia."

"Inaweza," akasema. Hakutaka kunidanganya, na nilimshukuru.

Kisha akaniambia wazee wamekaa na wanataka kupanga siku ya mazishi, Jumatano au Jumamosi. Wengine wanasema Jumatano, kwa sababu aliyeko Australia hafiki. Alisema maneno hayo bila ubaya, kama mtu anayesoma orodha. Akaniuliza, "Tukungoje?"

Mke wangu alikuwa karibu yangu, na jirani alikuwa bado amekaa na kikombe chake cha chai iliyopoa. Wote wawili walisikia swali.

Nikasema, "Mningoje."

"Nawaambia hivyo?"

"Waambie Jumamosi. Nakuja."

Akasema sawa. Nikamsikia akiweka simu chini bila kuikata, akiwaambia wazee.