Aliyekoroga Chumvi

Nikiwa mtoto wa miaka minane, kifua changu kilipiga filimbi kila mvua ilipokaribia, na ndani ya viwiko nilikuwa na ukurutu niliokuna hadi ukatoa damu. Dani, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, alikuwa na dawa moja ya magonjwa yote mawili: chumvi ya mawe.

Chumvi hiyo haikukosekana nyumbani. Dani alinunua samaki aina ya mbuta ufuoni Luanda Kotieno, akawapasua, akawatia chumvi na kuwaanika, kisha akawapeleka Sondu siku ya soko. Viwiko vyangu aliviosha kwa maji vuguvugu ya chumvi. Yaliwasha vibaya. "Lia tu," alisema, "lakini usikune." Kwa ajili ya kifua, alichemsha maji kwenye sufuria, akakoroga chumvi ndani yake, akanifunika blanketi pamoja na sufuria. Kisha akaingia na yeye, goti kwa goti nami.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: aliyekoroga chumvi lazima aingie na mgonjwa.

"Ugonjwa wa kifua ukimkuta mtu peke yake huko ndani," alisema, "unavuta kiti unakaa."

Niliamini kabisa. Hata hicho kiti nilikiona: cha miguu mitatu, kama chake cha jikoni.

Siku moja filimbi ilianza asubuhi, Dani akiwa tayari ameenda sokoni. Kazi ilimwangukia shangazi yangu, kitinda mimba wa Dani, ambaye jana yake alikuwa amechoma nywele zinyooke kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Alichemsha, akakoroga, akanifunika, akabaki nje.

"Shangazi, ingia."

"Niingie kwa mvuke na hizi nywele? Zirudi kama za kondoo? Wewe ni mwanaume, kaa humo."

"Lakini Dani alisema..."

"Dani yako ako Sondu."

Nilikaa gizani nikisikiliza pumzi yangu. Baada ya muda nilikuwa na hakika kwamba zilikuwa pumzi mbili. Nikasogea upande ili nisimguse aliyekaa karibu nami, na goti langu likagonga sufuria.

Dani aliporudi alilitazama paja langu la kushoto, lililokuwa limeungua, wala hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza, "Nani alikuwa ndani na yeye?"

"Mama, ni maji tu yalimwagika," shangazi alisema.

"Nimeuliza nani alikuwa ndani na yeye."

Harusini shangazi hakwenda.

Chuo kikuu, nikisomea kemia, niliifasiri sheria ile kwa urahisi: mtoto haachwi peke yake na maji ya moto. Niliifasiri dawa pia. Maji yakichemka, chumvi hubaki sufuriani. Nilichokuwa nikivuta ni mvuke mtupu. Hayo yote nilimweleza mke wangu, Auma, mwanzoni mwa ndoa yetu, aliponiuliza habari za kovu. Alizicheka sana zile nywele. Kisha akauliza, "Na ule ugonjwa, ulikaa?"

Miaka miwili iliyopita mapafu ya Auma yalianza kukakamaa. Daktari alituambia wazi kwamba hayatarudi yalivyokuwa. Auma akasikia habari za chumba cha chumvi mjini Kisumu, chenye kuta za matofali ya chumvi na mashine inayopuliza vumbi lake. Wengine walikwenda kwa ajili ya pumu, wengine kwa ajili ya ngozi. Daktari alisema hakitamponya. Kikimzidishia kikohozi, aache.

Nilimpeleka kila Jumatano. Viti vilikuwa viwili.

"Ingia basi," aliniambia siku ya kwanza.

Nikamwambia nina mitihani ya kusahihisha, nitasubiri kwenye gari. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba sikutaka kukaa ndani ya kitu ambacho nisingeweza kukitetea mbele ya wanafunzi wangu.

Mara ya tano alitoka na vumbi jeupe kwenye kitambaa cha kichwa. Alikaa garini hadi pumzi ikatulia, ndipo akasema, "Mwalimu, Dani yako angekuuliza swali moja tu."

Jumatano iliyofuata niliiacha mitihani garini. Tulikaa dakika arobaini, goti kwa goti. Nilisikiliza kifua chake, hakikubadilika. Midomo yangu ilikolea chumvi. Alisinzia kidogo, kichwa chake begani mwangu, nami sikusogea. Jumatano iliyofuata hakuweza kutoka kitandani, na mwezi haukuisha akiwa hai.

Sijabadili ninachofundisha. Chumvi haikuyaponya mapafu yake, na sitamwambia mtu yeyote kwamba inaponya. Ila ile sheria nilikuwa nimeifasiri kana kwamba ilihusu maji ya moto peke yake.

Swali la Dani nina jibu lake, na ni jibu sahihi. Nani alikuwa ndani na yeye? Mimi, mara moja kati ya sita.