Farasi wa Kwenye Simu na Punda wa Jirani

Mjukuu wangu alipokwenda shule ya bweni huko Kwale, ambako simu haziruhusiwi, aliniachia farasi wake. Aliniketisha barazani, akanitilia simu kiganjani, akasema, "Babu, usiache akafutwa. Niahidi." Nikaahidi kabla sijajua ninaahidi nini.

Naomba nieleze polepole, maana najua msomaji anajiuliza Tiwi kuna farasi gani. Hakuna. Farasi huyu anaishi kwenye kundi la simu, ambamo watu huigiza kwa maandishi kwamba wana mazizi. Ni jike la rangi ya kahawia, lenye baka jeupe usoni, na mjukuu wangu amemlea miaka miwili tangu akiwa mtoto wa farasi. Ni wa aina ya kuwindia, yaani si farasi wa mbwembwe. Anatakiwa awe mtulivu, mwenye miguu ya kazi.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, kundi hufanya shindano la kuongoza farasi kwa mkono. Hakuna anayempanda. Unashika kamba, unamwingiza uwanjani, unamtembeza mbele ya mwamuzi, unamkimbiza kidogo, kisha unamsimamisha akaguliwe. Hayo yote unayaandika tu, kwa sentensi sita, si zaidi. Mwamuzi anasoma na kutoa nafasi. Farasi anayeshika mkia mara tatu mfululizo hufutwa, na akifutwa harudi. Kabla ya siku ya wazazi kutembelea shule kulikuwa na mashindano matatu.

Mimi nimefundisha darasa la nne muda mrefu. Sentensi sita, nikasema, ni kazi ya dakika tano.

Jumamosi ya kwanza niliandika hivi: "Shikamoo, mheshimiwa mwamuzi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Tiwi, babu wa mwenye farasi. Habari za tangu asubuhi? Natumaini nyumbani wote hawajambo. Washiriki wenzangu, assalamu alaykum, na wasio Waislamu, habari zenu. Sasa naomba ruhusa niingie."

Jibu likaja: "Mshiriki namba nne ameingia uwanjani bila farasi. Wa mwisho."

Mke wangu alikuwa anachambua mchicha. "Na salamu ameitikia?"

"Hakuitikia."

"Hata marahaba?"

"Hata marahaba."

"Basi huyo amelelewa na redio," akasema, akatupa shina kwa hasira.

Niliona kasoro yangu ni kutojua farasi. Nimewaona kwa mbali tu ufukweni Diani, wamebeba wageni. Hivyo kabla ya shindano la pili nilikwenda kwa jirani yetu anayeuza maji, nikamwomba punda wake asubuhi moja.

"Unampeleka wapi, mwalimu?"

"Uani kwangu tu. Nataka kumpitisha mbele ya mwamuzi."

Jirani alimtazama punda, kisha akanitazama mimi. "Kwani amefanya nini?"

Mwamuzi alikuwa mke wangu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, miwani puani. Nilisimama mbele ya punda, nikamkazia macho, nikavuta. Alipiga hatua tatu. Halafu akasimama kama aliyekumbuka jambo, akageuza shingo, akaanza kutafuna kilichokuwa kimeanikwa kambani.

"Leso yangu ya Idi!" mwamuzi akapiga kelele, akatoka kitini.

Jumamosi niliandika yaliyotokea: hatua tatu, kusimama, na leso. Tukawa wa mwisho tena.

"Lakini wewe," mke wangu akaniuliza, "kwa nini hukusema amekimbia vizuri?"

"Kwa sababu hakukimbia."

"Farasi mwenyewe hayuko!"

"Farasi hayuko, lakini punda yuko. Na nimemwona kwa macho yangu."

Alivua miwani yake. "Mtoto wa watu anasoma huko Kwale akijua farasi wake yuko mikononi mwa mtu mwenye akili," akasema. Aliponiacha peke yangu barazani sikucheka. Miaka miwili ya mtoto ilikuwa imebakiwa na sentensi sita. Kuandika uongo nisingeweza. Miaka yote niliwafutia wanafunzi maksi kwa uongo mdogo kuliko huo. Ilibidi punda atembee kweli.

Nikarudi kwa jirani, nikamweleza kila kitu, hata habari ya farasi asiyekuwapo. Hakushangaa kama nilivyoogopa. Alinisikiliza, akajikuna kidevu, akasema, "Kosa lako, mwalimu, unamtazama. Ukisimama mbele yake ukamkodolea macho, anadhani mmegombana. Simama begani kwake. Tazama unakokwenda. Kamba iache ilegee, halafu nenda kama mtu mwenye safari zake."

Nikaenda kama mtu mwenye safari zangu. Punda akaja! Nikaongeza mwendo, naye akaongeza, masikio yakicheza. Tulizunguka ua mara nne, na leso zote zilikuwa ndani. Ukijaribu jambo likakushinda mara mbili, ndugu msomaji, usikimbilie kusema umezeeka. Huenda umesimama mahali pasipofaa tu.

Jumamosi ya tatu niliandika, mke wangu akisoma begani kwangu: "Shikamoo. Tunaingia, niko begani kwake, macho yangu yako kwenye mpera ulio mwisho wa uwanja. Anatembea hatua ndefu bila haraka. Nikiongeza mwendo anaongeza, na kamba imelegea. Tunarudi kwa mstari ulionyooka. Amesimama miguu minne sawasawa, masikio mbele, ananipumulia shingoni."

"Shikamoo imekula sentensi nzima," mke wangu akasema. "Hata haitikii, huyo. Itoe."

"Haitoki."

Nikatuma. Tulikuwa washiriki wanane, na mwamuzi hutangaza kuanzia chini. Wa nane: namba mbili. Mke wangu akanishika mkono. Wa saba: namba sita. Wa sita: "Namba nne. Kamba iliyolegea nimeipenda. Farasi anabaki."

Mke wangu alipiga kigelegele hadi jirani akaja na mtungi mkononi akidhani kuna posa.

Baadaye ukaja ujumbe mwingine, kwangu peke yangu. "Shikamoo, babu. Samahani sikukuitikia zile salamu. Nina miaka kumi na sita. Nitakuitikiaje marahaba?"

Nikamsomea mke wangu. Akakunja leso iliyotafunwa. "Kumbe amelelewa vizuri," akasema. "Mwitikie basi, usimwache mtoto wa watu amesimama."

Nikamwitikia marahaba, na za nyumbani nikamuuliza, maana hapo sentensi hazihesabiwi.

Siku ya wazazi tulipanda Kwale na mkoba wa mahamri. Mjukuu wangu alituona tukiwa bado langoni. Alikuja mbio, sketi ikipepea, na kabla hajatufikia akapaza sauti mbele ya walimu wake wote:

"Babu, yuko?"

"Yuko," nikasema. "Wa sita."

Akanikumbatia, akamkumbatia bibi yake, akalia kidogo, akacheka. Ilipita muda ndipo alipojishika mdomo.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," nikamwambia. "Umeingia uwanjani bila salamu, lakini leo nakuachia."