Simenti Niliyompelekea Mama Malaba

Miaka ya tisini nilikwenda Malaba kumhamisha mama. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake ulikuwa umepasuka, na ndugu zangu walikuwa wamekata shauri: nyumba ibomolewe, mama aje akae nami Nakuru. Chumba cha kukodi nilikuwa nimeshamtafutia jirani na kwangu, ufunguo uko mfukoni.

Saa moja asubuhi nilipanda basi. Eldoret tulikunywa chai, Bungoma nikanunua ndizi, na saa tisa mchana nikashuka Malaba, malori yamepanga foleni kuingia Uganda. Nikapanda boda boda, baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Sisi watu wa mpakani tulibebana hivyo kabla Nakuru haijajua, na hilo najivunia waziwazi.

“Boss, unaenda kwa hizo nyumba za zamani?” mwendeshaji aliuliza. “Hizo za matope ziko strong kushinda hizi mpya.”

Sikumwamini. Lakini tulipovuka reli na kuingia mtaani kwetu, nikaanza kuzikagua kuta moja moja. Nyumba zilikuwa zilezile za utoto wangu, za fito na udongo. Mabati yameota kutu, lakini kuta zimenyooka, chini zimepakwa udongo mweusi, juu mwekundu. Iliyopasuka ilikuwa moja tu, yetu. Tena ndiyo pekee iliyopigwa lipu ya simenti, ile niliyotuma mwaka uliotangulia ili mama naye aonekane ana mtoto mjini.

“Yoga, mwanangu,” mama alinisalimu kwa Kiteso.

“Mama, nimekuja kukuchukua.”

“Unipeleke wapi? Nyumba ni mgonjwa tu. Mbona unataka kuizika?”

Asubuhi iliyofuata walikuja wanawake wa mtaa na majembe na madebe. Kila mwaka baada ya mavuno hukandika nyumba zao kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jirani yetu Mama Amoit alishika nyundo akaibandua simenti yangu. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa chepechepe.

“Umeona, mwalimu? Matope inataka kupumua. Wewe umeivalisha raincoat! Maji iliingia kwa crack, ikakosa pa kutokea.”

Niliona aibu hadi masikioni.

Ukuta ulikaushwa kwa jua siku mbili. Siku ya tatu nikakunja suruali, nikakanyaga udongo, mchanga, nyasi na samadi ya ng'ombe, wanawake wakinicheka: “Kanyaga, mwalimu! Hapa si Nakuru!” Jioni ufa ulikuwa umezibwa na ukuta umekandikwa upya, na mama akaumalizia kwa kiganja chake. Nilijiona mkubwa kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Siku ya kuondoka, mama aliweka kipande kikubwa cha lipu mlangoni.

“Simenti yako haijapotea. Ukija, utaoshea miguu hapo.”

Nilioshea miguu palepale, nikaondoka. Nakuru nilianzia kwa mwenye nyumba, nikamrudishia ufunguo wake.

“Mama yuko wapi?” mke wangu aliuliza.

“Yuko kwake,” nikamjibu, na sijawahi kulitamka neno hilo kwa fahari namna ile.