Kisima cha Skolastika Mosi

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini, lori lilimshusha Skolastika Mosi katika pori la nyuma ya Kiwangwa pamoja na kitanda, jembe, kuku wawili na mjukuu wake Ashura wa miaka mitatu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane. Shamba lake la minanasi alikuwa ameliacha na matunda yake, na nyumba yake wale waliokuja kuwahamisha waliitia moto mbele ya macho yake ili asirudi.

Mahali pale hapakuwa na maji ila dimbwi la kunywea nguruwe pori. Wiki ya tano Ashura aliharisha siku mbili, akafa.

Baada ya mazishi, Kombo, katekista wao, alikuja kumpa pole.

"Dada Skola, haya ni mapenzi ya Mungu. Tuvumilie."

Skolastika aliinuka mkekani. "Usimsingizie Mungu, Kombo! Mungu ndiye aliyeendesha lori lile? Mungu ndiye aliyechagua mahali pasipo na maji?"

Kombo alifungua kitabu chake cha sala, lakini Skolastika akaendelea:

"Na huyo Mungu mwenyewe nina neno naye. Nimemwamini tangu nibatizwe. Atanisikiliza."

Kesho yake alianza kuchimba kisima. Bwana maendeleo, ofisa wa serikali, alipopita, alicheka.

"Bibi, wataalamu walishapima. Hapa hakuna maji. Subiri bomba."

"Litakuja lini?"

"Limo kwenye mpango."

"Basi kanywe huo mpango!"

Shimo la kwanza liligonga mwamba. La pili lilitoa maji ya chumvi, hata kuku waliyakataa. Wanaume wakasema msiba umemvuruga akili. Kila asubuhi, kabla ya kushuka shimoni, alisali kwa sauti, na sala yenyewe iliwafanya watu watazame pembeni:

"Baba, mtoto amekufa nawe ukiona. Sielewi, na sijaridhika. Lakini sina mwingine wa kumlilia. Nionyeshe maji."

Halafu alikuwa akifanya ishara ya msalaba na kushuka.

Aliyejitokeza kumvutia ndoo za udongo ni jirani yake Mwislamu, Mwanamvua. "Wewe mgombeze Mungu wako," alisema akikaza kamba, "mimi nitamwomba taratibu."

Shimo la tatu liliwachukua wiki kumi na moja. Walipofika kina cha pima ya saba, udongo ulitoka mbichi. Pima ya nane maji yalianza kububujika, yakamfika magotini. Skolastika aliyaonja. Matamu. Ndipo akaanza kuupiga ukuta wa shimo kwa ngumi, huku akilia.

"Yalikuwa hapa! Siku zote yalikuwa hapa hapa!"

Mwanamvua hakumwambia anyamaze. Alingoja, kisha akamvuta juu.

Mwezi uliofuata bwana maendeleo alileta wageni kuwaonyesha kisima cha kijiji. Alimpa Skolastika mkono. Skolastika aliutazama tu, akaendelea kujaza mtungi wake.

Kombo naye alitaka kumsimulia kanisani kama mfano wa imani.

"Simulia," Skolastika alimjibu, "lakini usinipambe. Sema nilimtegemea Mungu huku nimemkasirikia, na hata sasa hatujamalizana."

Jumapili Kombo alipomsimulia, Skolastika alikaa benchi la mbele kabisa, uso umekunjamana, akaimba kila wimbo mpaka mwisho. Mwaka uliofuata watu wa kijiji cha pili, nao waliokuwa wameambiwa wasubiri bomba, walikuja kumwita. Akabeba jembe, akaenda.