Taa za Mbalamwezi

Fundi Samson wa Kasingirima, Ujiji, hana simile na televisheni. Ukimpelekea iliyokufa hakuulizi ilikufaje, maana anasema wenye televisheni wote ni waongo: kila mmoja atakwambia ilizimika yenyewe, hata ile iliyomwagikiwa uji na bado ina ulezi ndani. Anaifungua mwenyewe, anaikodolea macho, kisha anatoa mojawapo ya hukumu zake tatu. "Imepona" ni ile ambayo waya tu ulichomoka. "Inatengenezeka" maana yake iache, urudi Alhamisi. Na "hii ya vipuri" maana yake nenda nyumbani kalie, yeye atabaki na spika.

Hukumu hizohizo ndizo zilizompeleka redioni. Miaka tisa iliyopita Shadia, mtangazaji wa redio moja ya mjini Kigoma, alileta kinasa sauti chake kutengenezwa, akamkuta Fundi anagombana na tamthilia iliyokuwa inaendelea kwenye televisheni ya mteja. Daktari alikuwa anapasua mtu huku amevaa glovu mkono mmoja. "Ya vipuri hii," Fundi akasema, wala hakuinua macho. Shadia alicheka mpaka akatafuta stuli. Jumamosi iliyofuata Fundi alikuwa studio, na hajatoka tangu siku hiyo. Kipindi kinaitwa Meza ya Fundi, dakika ishirini, saa nne asubuhi.

Wengi wanadhani kazi ile ni ya mdomo tu. Fundi ana utaratibu wake, na kwenye utaratibu huo ni mkaidi wa kuudhi. Haisemi tamthilia yoyote mpaka aitazame pamoja na watu wa kazi inayoonyeshwa. Ya mahakamani aliitazama na karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Kwa ajili ya ile ya wakulima wa kahawa alifunga kwenye pikipiki televisheni yake ya inchi kumi na nne pamoja na betri ya sola, akapanda nayo hadi Kalinzi alikozaliwa, na shangazi zake wakaichambua mpaka ikabaki mifupa. "Mimi najua televisheni," husema. "Ya ndani wanayajua wenyewe."

Mwaka huu ikaja Mtandao Unasumbua. Ni vichekesho vya vijana wanne wa Dar es Salaam waliopanga chumba kimoja, wakaandika mlangoni "Makao Makuu", wakaanza kutengeneza programu za simu za kuwaokoa watu ambao hawakuomba kuokolewa. Kuna mkurugenzi mtendaji, mkurugenzi wa ubunifu, mkurugenzi wa maono na mfagiaji, na mfagiaji ndiye pekee anayejua kompyuta. Wanazindua kabla ya kutengeneza. Fulana wanazo tangu sehemu ya kwanza, ila programu yenyewe haijafunguka hadi leo.

Magazeti ya Dar yaliipokea kwa shangwe. Mhakiki mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona watu wakitamka "mapinduzi" mara nyingi hivyo bila kupindua hata kikombe. Mwingine alinung'unika kwamba mzaha wote ni wa wenye diploma, mama wa sokoni atacheka nini hapo? Mitandaoni vijana wenye kampuni changa waligawanyika. Nusu walisema wamedhalilishwa, nusu wakasema anayesemwa ni jirani yao. Kigoma, walioipenda kwanza walikuwa watumishi waliohamishiwa kutoka mikoa mingine. Bonifasi, ofisa wa kompyuta aliyetoka Mbeya, alimwambia Fundi kwamba semina za vijana wa namna ile amekaa mara kumi na mbili, na kila mara amerudi na fulana.

Jambo ambalo Fundi hakumwambia Bonifasi, wala Shadia, wala mtu yeyote, ni jina lililopita mwishoni kwa herufi ndogo na kwa haraka: Mwandishi, D. Samson. Huyo ni Dainess, mwanawe wa pekee.

Dainess aliondoka Ujiji akiwa na miaka sita. Mama yake, Agnesi, alifariki mwaka ule, na mama yake mdogo, Brigita, akaja kutoka Dar akasema mtoto wa kike hawezi kulelewa kati ya waya na risasi ya kuchomelea. Kila mtu akaona ni sawa. Fundi naye akaona ni sawa, akambeba mtoto hadi stesheni, akarudi na kiatu kimoja cha mtoto mfukoni. Dainess alisomeshwa vizuri, hilo halina ubishi. Amerudi Kigoma mara tatu tu tangu hapo, zote kwa misiba, siku mbili tatu na safari. Fundi hajawahi kujisamehe sawasawa, na hajawahi kumwambia mtu.

Wiki moja kabla ya sehemu ya nne, Dainess alimpigia simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Brigita hajambo?"

"Hajambo. Baba, sehemu ya nne ni ya huko kwetu. Ziwani. Utaisema redioni?"

"Nikiona inasemeka."

"Iseme. Ila usinionee huruma. Magazeti ya huku yameshasema yao, mimi nangoja Kigoma. Iseme kama unavyosema za wengine."

"Za wengine nazisema vibaya, Dainess."

"Najua," akasema. "Huwa nakusikiliza kwenye simu kila Jumamosi."

Hilo Fundi hakulijua.

Sehemu yenyewe aliirekodi kwenye flashi bila kuitazama, kama desturi yake, akampelekea salamu Verediana, mwanika dagaa wa Kibirizi, kwamba atakwenda kwao mbalamwezi itakapofika. Wakati wa giza asingewapata. Giza likiwepo, mitumbwi huwasha taa katikati ya maji, dagaa huzifuata, na asubuhi wanawake wa Kibirizi hawana hata nafasi ya kujikuna. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni taa, dagaa hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Mitumbwi inalala mchangani, wanaume wanashona nyavu, na wanawake wanasuka nywele. Hilo kila mtu wa ufukweni analijua, hata mtoto anayetambaa.

Basi alasiri moja ya mbalamwezi Fundi aliegemeza pikipiki ukutani kwa Verediana, akaiweka televisheni juu ya ndoo mbili na kuifunika kwa shuka ili jua lisiingie. Walikuwa wanawake tisa, na mmoja wao, Bibi Eufrasia, alikuwa ameanza kuanika dagaa kabla wengine hawajazaliwa.

"Mwiliwe, fundi," Verediana akamwamkia kwa Kiha. "Umetuletea sinema?"

"Nimewaletea kazi. Tazameni, mniambie kosa."

Walicheka, na walicheka kwelikweli. Yule mkurugenzi mtendaji alishuka ufukweni na viatu vyeupe, akazindua Dagaa Mkononi, programu ya kumuunganisha mvuvi na mlaji, kisha akawapa wanawake wa pale mafunzo ya siku mbili ya namna ya kumtambua dagaa. Akawagawia vyeti. Verediana alipiga mapaja, Bibi Eufrasia akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Fundi alijawa na furaha ambayo ilibidi aifiche kwa kukaza skrubu isiyolegea. Yule mhakiki wa Dar aliyeuliza mama wa sokoni atacheka nini, angekuwepo pale angepata jibu lake.

Kisha ukaja mwezi. Mkubwa, umejaa, umekaa juu ya maji, na chini yake mitumbwi inarudi imesheheni dagaa, karabai zinaning'inia. Mzaha wenyewe ulikuwa kwamba magunia yamejaa lakini mtandao unasumbua, kwa hiyo simu za Dar zinasema ziwani hakuna dagaa. Hakuna aliyeufikia mzaha huo.

"Simamisha hapo, fundi," Verediana akasema. "Ule si mwezi?"

"Ni mwezi."

"Na hao wanavua nini? Wanavua mwezi?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha kwanza. "Sisi tumekaa hapa mikono mapajani kwa sababu ya huohuo mwezi," mwingine akasema, "wao wanajaza magunia!"

"Na karabai!" Bibi Eufrasia akadakia. "Siku hizi ni taa za betri. Karabai nimeziona mume wangu akiwa hai. Mtoto wa Dar kazisikia wapi karabai?"

"Aliyeandika hii hajawahi kukaa na mtu wa ziwa," Verediana akakata shauri. "Endelea, tuone aibu yake."

Fundi akaendelea. Kwenye televisheni, mtoto wa mvuvi alisimama mlangoni na mama yake, akauliza mbona leo taa za kina baba hazionekani. Mama akamshika bega. "Wapo," akasema. "Mwezi unawafunika tu. Kila taa pale ina baba yuko macho. Kalale."

Wanawake walipiga kelele za kicheko. Fundi Samson hakucheka. Maneno yale ni yake.

Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kutoka Kalinzi, yeye na Agnesi, wamepanga Kasingirima kwenye nyumba ambayo uani kwake kipande cha ziwa kilionekana. Dainess alikuwa wa miaka minne na aliogopa giza. Ili alale, Fundi alimwonyesha karabai kule majini, akamwambia kila taa ina baba yuko macho. Ikawa ndiyo dawa. Mwezi ulipojaa na taa zikakosekana, mtoto akaanza kulia, na Fundi akamwambia wapo, mwezi unawafunika tu, na kesho utaona walivyojaza mitumbwi. Hakudanganya kwa kujua. Mtu wa Kalinzi anajua kahawa. Shambani mtu huenda kila siku, akadhani na ziwani ni hivyohivyo. Alikuja kujifunza ukweli miaka ya mbele, kwa wateja, na wakati huo hakukuwa na mtoto nyumbani wa kumsahihishia.

Alifunga televisheni yake, akawashukuru, akapanda pikipiki. Siku tatu zilizobaki hadi Jumamosi hakufungua kifaa hata kimoja. Aliwaza kuiruka sehemu ya nne. Aliwaza kusema betri ilikata, na akajiona amekuwa sawasawa na wateja wake wenye uji ndani ya televisheni. Akisema kosa, anamvua nguo mwanawe mbele ya mkoa mzima, kazi yake ya kwanza. Akinyamaza, Dainess atasikia, na atajua baba yake amemwonea huruma. Kati ya hayo mawili hakujua lipi lingemuuma zaidi binti yake, na hilo ndilo lililomtesa.

Jumamosi saa nne Shadia alimwekea kipaza sauti. "Fundi, wasikilizaji wanangoja. Mtandao Unasumbua, sehemu ya nne. Ulitazama na nani?"

"Na waanika dagaa wa Kibirizi. Walicheka kuliko nilivyowahi kuwaona. Mafunzo ya kumtambua dagaa, na vyeti, wamesema aliyeyaandika ana akili. Na mimi nasema hivyo."

"Kosa hukuliona?"

Fundi akakivuta kipaza sauti karibu.

"Lipo. Wameonyesha watu wanavua mbalamwezi. Wale mama walisema aliyeandika hajawahi kukaa na mtu wa ziwa, na ni kweli. Lakini mimi kifaa kikiharibika natafuta hitilafu ilikoanzia. Hii nimeifuata mpaka mwisho wake. Imeanzia kwangu. Kulikuwa na mtoto Kasingirima aliyekuwa anaogopa giza, nikamwambia mbalamwezi wavuvi wako kazini, mwezi unawafunika tu. Nilikuwa mgeni, sikujua. Yeye aliamini."

"Huyo mtoto yuko wapi sasa?"

"Ndiye aliyeandika. Ni binti yangu, anaitwa Dainess. Kosa ni langu, lisihesabiwe kwake. Hukumu yangu: inatengenezeka."

Simu ya kwanza studio ilikuwa ya Verediana. "Fundi, ulikaa na sisi tukamcheka mtoto wako, ukanyamaza kimya?"

"Nilikuja kusikiliza, Verediana."

"Basi mwambie aje. Sisi wenyewe tutampa mafunzo ya siku mbili," akasema, "na cheti."

Simu ya Dainess ilimkuta njiani, amesimamisha pikipiki chini ya jua.

"Baba, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba mbalamwezi hawavui. Chuoni nilisoma na mtu wa Mwamgongo, mtoto wa mvuvi, alinicheka mwaka wa kwanza kabisa. Na kwenye kazi waliniambia nirekebishe. Nikakataa."

"Sasa mbona ukaacha kosa, mwanangu? Watu wamekucheka."

"Kwa sababu ndiyo Kigoma niliyonayo. Nyingine sina. Nilitaka kujua kama na wewe unaikumbuka."

Fundi Samson alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, na bado hakuona vizuri. Katika maisha yake yote hajawahi kumrudishia mtu kifaa chenye hitilafu.

"Basi usiitengeneze," akasema. "Iache hivyohivyo."

"Naweza kuja mwezi ujao, baba. Siyo kwa msiba. Kuja tu."

Alihesabu siku kwa vidole juu ya usukani wa pikipiki, kama anavyohesabu mtu yeyote wa ufukweni.

"Njoo," akamwambia. "Ila usije mbalamwezi. Njoo wakati wa giza, nikuonyeshe walipo."