Octave, Mtoto Aliyeahidiwa kwa Maria

Kaka yangu Octave alizaliwa Wamaza, wakati baba yetu Emile alipokuwa katekista huko. Kabla yake mama alikuwa amezika watoto wawili kwa surua. Octave naye alipougua, akiwa bado ananyonya, mama alimbeba mpaka kanisani, akamlaza chini mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akasema watu wakisikia: akipona ni wako, atakuwa padri.

Akapona. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona kama mtoto wa kawaida. Wanawake mtoni walimkataza kubeba maji. "Mumuache padri wetu," walituambia sisi watoto wengine, "yeye atabeba zambi zenu." Alicheka nao, lakini mimi mdogo wake nilijua kwamba kila homa ilimtia woga. Alidhani Maria anakuja kuulizia kilicho chake.

Baba alipohamishiwa Kasongo, Octave alikutana na Furere, yaani bruda, Mbelgiji aliyesimamia ujenzi wa misheni. Furere alichora milango na viti kabla seremala hajagusa ubao, na Octave alishangaa kwamba kiti kinaweza kukaa kwenye karatasi kwanza. Akawa haondoki pale. Alichora kiti cha baba, kile kilichomuumiza mgongo miaka mingi, akakilaza egemeo kidogo, seremala akatengeneza kipya. Baba alikikalia, na hakurudi tena kwenye cha zamani. Na michoro ya mikeka ya bibi yetu, Mbangubangu wa kweli kwa kabila, Octave aliihamishia kwenye mlango wa kanisa dogo la Lusangi.

Mwaka 1954 alimaliza shule ya misheni, akatakiwa kuchagua kabla ya Pasaka: seminari ndogo, shule ya walimu, au shule ya kuchora huko Léopoldville, ambako Furere angemtafutia nafasi. Na huko nako kulikuwa na kuchagua: kuchora nyumba, kuchonga sanamu, au dekorasyo, yaani kubuni vitu vya ndani, viti, taa, milango, vitambaa. Alitaka hiyo dekorasyo. Aliniambia mimi tu, tena kwa kunong'ona, kana kwamba sanamu ya Maria iko nyuma ya ukuta.

Shangazi Ernestine, dada yake baba, ndiye aliyetamka tulichokiogopa sote. Kilichoahidiwa kwa Mungu kikinyimwa, alisema, Mungu hukifuata mwenyewe. Wiki hiyohiyo Octave akaanguka kwa malaria. Mama alimpa kinini, akamvika na rozari, na kila alipotetemeka kwa baridi mama naye alitetemeka.

Alipopata nguvu ya kutembea, mama alituchukua wote wawili kwa Padri Grégoire, mzaliwa wa Kabambare, mweusi mwenzetu. Alimweleza yote, kisha akauliza kama Octave akienda kuchora atakufa.

"Mama Régina," padri alisema, "siku ile ulimuuliza mutoto?"

"Alikuwa ananyonya, padri."

"Basi uliahidi cha mtu."

Akatufafanulia kwamba nadhiri humfunga aliyeitamka, na kwamba hakuna anayeingia upadri kwa kinywa cha mama yake. Kisha akamgeukia Octave, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Jasho lilikuwa linamtoka kaka yangu.

"Kujifunza dekorasyo, padri."

"Hiyo iko nini?"

"Padri, unahubiri saa nzima, na watu iko wanaumwa mugongo. Mimi nataka kutengeneza benchi."

Padri alicheka sana. Mama hakucheka. Alitaka kujua, ikiwa nadhiri imemfunga yeye, Maria atamfuata nani sasa. Padri akamwambia atamfungulia nadhiri hiyo, na badala yake asali rozari kila Jumamosi. Mama aliitikia, lakini njia nzima ya kurudi alimshika Octave mkono kwa nguvu, kama mtu anayevuka mto uliojaa.

Akaenda, kwa gari la moshi mpaka Kindu, kisha kwa meli za mtoni. Miaka yote ya Léopoldville, barua yake ikifika mama alinituma niisomee nje kwanza, ndipo niingie, aone usoni mwangu kama yuko mzima.

Alirudi na diploma mwaka 1958, akapewa kazi katika karakana ya misheni. Wazee wa Kasongo walianza kusema misa imekuwa fupi, kumbe ni benchi zake. Ndipo katika mvua hizi zilizopita homa ya matumbo ikamshika, tukampeleka hospitali.

Shangazi Ernestine alimwambia mama mbele ya kitanda: "Wifi, piga magoti. Muambie Maria akimuponya, ataingia seminari. Nafasi iko bado."

Mama alipiga magoti. Kwa woga nilitamani aseme upesi. Octave alifumbua macho.

"Mama, usinichagulie."

Mama alibaki amepiga magoti. Alisema, "Mama Maria, ninakuomba umuponye. Sina mutu wa kukupa." Akainuka, akalowesha kitambaa, akampangusa midomo.

Kaka yangu alifariki Jumapili asubuhi. Kwenye matanga shangazi alisema Maria amechukua kilicho chake, na wengi walitikisa vichwa kukubali. Watu walipotawanyika nilimuuliza mama kama naye anaamini hivyo. Alijibu kwamba hajui, na kwamba kutojua huko kunamtisha kila anapoingia kanisani, lakini ataendelea kuingia.