Sauti ya Yule Mama

Maikrofoni ilivalishwa soksi. Soksi ya mwanamume, ya kijivu, na kwa miaka minne niliyofanya kazi pale River Road sikuwahi kuona ikifuliwa. Ilinuka pumzi za watu wote waliowahi kuisemea: sigara, vitunguu, pombe ya jana, meno mabovu. Ukutani yalitundikwa magodoro ili kelele za barabarani zisiingie, na magodoro yenyewe yalitoka katika gesti ya ghorofa ya chini ilipobadilisha vitanda. Nilikuwa nayajua madoa yake yote. Moja lilikuwa karibu kabisa na sikio langu la kushoto, na umbo lake sitalieleza.

Humo ndimo nilimokuwa mwanamke wa Kimarekani.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua tamthilia za nje, kuzipunguza sauti na kuweka Kiswahili juu yake. Wateja walileta flash na memori kadi wakajaziwa. Mimi nilipewa mwigizaji mmoja tu, mama wa makamo anayeonekana sana katika runinga za Marekani. Jina lake silitaji kwa sababu hajanikosea chochote. Alikuwa ameigiza kila kitu: askari wa upelelezi, mama wa watoto wanne katika kichekesho, daktari wa upasuaji, mjane wa mwanasiasa, mlevi, mgonjwa. Akihama tamthilia, alihama na mwili wake wote. Yule askari alikanyagia visigino. Yule mlevi alishika kikombe kwa mikono miwili na kutabasamu kabla hajaulizwa kitu. Nilikuwa namtazama kwanza bila sauti, kutwa nzima, nikijifunza. Sikusomea uigizaji mahali popote. Shule yangu ilikuwa shingo ya yule mama.

Bosi wetu hakuyaona hayo. Alikuwa mtu wa kula mayai ya kuchemsha ndani ya chumba kisicho na dirisha, kisha akapangusia vidole kwenye pazia. Alichokiona ni kwamba wateja wakirudi dukani hawaulizi jina la tamthilia. Walikuwa wanauliza, "Yule mama aliendelea aje?" Kwao hakukuwa na tamthilia sita, kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye maisha mazito. Bosi akasema, basi, tuwape mwanamke mmoja. Tukaziunganisha zote, sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho, na kazi yangu ikawa kuziba mapengo. Alipoacha kuwa askari akawa daktari, nilimwekea maneno kwamba alifukuzwa kazi akarudi shule. Watoto wake wanne walipotoweka, nikasema wako bodingi. Mume wa kwanza alienda Qatar kutafuta kazi, na hajapiga simu mpaka leo. Wateja waliuliza habari zake kwa miaka.

Nilicheka pia, siwezi kukana. Lakini kulikuwa na kinyaa ndani ya kile kicheko. Mwanamke anajivua ngozi mara sita, kwa bidii ya ajabu, na sisi tunaziokota zile ngozi na kuzishona gunia.

Aliyenilea ni shangazi yangu, huko Dagoretti, mama alipofariki. Alipokuwa na nguvu alipiga pasi katika nyumba moja kubwa mtaani Karen. Wenye nyumba walipohama nchi, akarudi nyumbani akaanza kuuza matumbo karibu na machinjioni. Sitasema uongo, nilikuwa naona kinyaa. Matumbo yakifika asubuhi huwa yamejaa mavi ya kijani, na yeye aliyakamua kwa vidole vyake huku akiniuliza habari za shule. Nilioga mara mbili na bado wenzangu walisogeza madawati. Nilipopata kazi mjini niliona nimeokoka, kumbe nimetoka kwenye uvundo mmoja kwenda kuweka mdomo kwenye soksi.

Shangazi ana ugonjwa wa sukari, na vidonge vya kliniki hakuvipenda kamwe. Nilipokuwa mtoto mwenye homa, alikuwa akinishika kidevu na kuniambia, "Kunywa tu, mimi niko hapa." Alipoanza kuugua, zamu ikawa yangu. Kila jioni nilimpa vidonge vyake na maneno yale yale, naye alinung'unika, akameza. Kisha nikapanga chumba changu karibu na mjini, na vidonge nikamwachia yeye na dhamiri yake.

Sasa nije kwa mtu wa dawa. Alikuwa na chumba ghorofa ya juu ya lile jengo letu, akiuza maji meusi katika chupa za soda zilizotumika. Dawa ya sukari, ya presha, ya figo, ya uvimbe, ya ndoa, chupa ni ile ile. Ilinuka kwato zilizochemshwa na kusahauliwa. Yeye na bosi walipatana jambo wakati tulipofika tamthilia ya mwisho ya yule mama, ile anayougua.

Katika ile tamthilia anakufa. Nimeona watu wengi wakifa kwenye runinga, wengi wao wakihutubia mpaka pumzi ya mwisho. Yeye alikufa kwa dakika nne bila kusema neno. Alikunywa maji katika kikombe cha karatasi, akakirudisha mezani, kikawa mbali kidogo kuliko mkono wake ulivyodhani. Hicho kikombe ndicho kilichoniliza.

"Hapo hakuna mtu anaongea," bosi akasema.

"Anakufa."

"Atakufa aje na watu bado wanamtaka?"

Akachukua kipande cha kile kichekesho cha zamani, mama akiwa mnene na nywele zake zote, anacheka jikoni, akakibandika baada ya kitanda cha hospitali. Mgonjwa akapona. Katikati palibaki zile dakika nne za kimya na kile kikombe. Hapo ndipo nilipotakiwa kuisifia dawa ya yule mtu wa ghorofa ya juu.

Mara ya kwanza nilisoma kwa ulimi mzito. Nilikuwa najua ninachosoma.

"Unasoma kama karani wa korti," bosi akaniambia, kiini cha yai kikimcheza mdomoni. "Ongea na mtu wako."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijua jinsi ya kufanya hivyo. Nilikuwa nimejifunza kwa yule mama mwenyewe. Hata katika umati alikuwa akichagua mtu mmoja na kuigiza kwa ajili yake. Nikafumba macho. Nikamweka shangazi mbele yangu juu ya kigoda chake, mikono ndani ya beseni, uso wa kubisha. Nikasema, "Sikia, mama yangu. Vidonge vya hospitali nimemeza miaka, na bado naisha tu. Hii nimekunywa wiki tatu nikaamka. Kunywa tu, mimi niko hapa."

Hatukurudia. Bosi alipiga makofi. Nilikwenda chooni nikatapika, na kwa vile choo cha lile jengo kilikuwa kinampa kila mtu sababu ya kutapika, sikujiuliza kama ni choo au ni mimi. Mkono mtupu haulambwi, nikajiambia, nikapangusa mdomo, nikarudi kwenye soksi.

Miezi ilipita. Nilikuwa nampigia shangazi simu, ananiambia yuko sawa kabisa, siku hizi hata anatembea mpaka sokoni na kurudi. Jumapili moja nikaenda kumwona. Nilipofungua mlango nilikutana na harufu. Harufu ya matumbo naijua tangu utotoni, na hii haikuwa yake. Hii ilikuwa na utamu ndani, tunda lililooza chini ya kitanda. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi, nguo za kanisani mwilini na gambuti za kazini miguuni.

"Anti, mbona uko na gambuti ndani ya nyumba?"

"Miguu inaskia baridi."

Nyuma ya kalenda ya kanisa, kwenye rafu ya runinga iliyochomekwa flash ya duka letu, niliona shingo ya chupa ya soda. Sikuhitaji kuifungua.

Nilimvua gambuti ya kulia mwenyewe. Ilitoka na soksi, na soksi ilitoka na kitu kingine. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Chini ya unyayo palikuwa na shimo ambamo ningeweza kutia kidole gumba, na maji yake yalinitiririkia mkononi. Nilikimbilia mlangoni nikatema mate, nikatema tena. Aibu yangu ni hii: kabla ya kumwonea huruma nilimwonea kinyaa, na juu ya kinyaa nikaweka dharau. Nilisema moyoni, mwanamke mzima, anaacha vidonge kwa sababu ameona mzungu wa kwenye runinga akinywa maji.

"Twende hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Siendi. Watakata." Alisema kwa utulivu, akivuta leso kufunika ule mguu. "Inatoa uchafu tu, mami. Dawa ikianza kufanya, hutoa uchafu."

Nikabembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Hakusogea. Nilijua kila saa tunayobishana ni inchi ya ule mguu. Mwishowe nikatoa simu, maana humo nilikuwa nimehifadhi ile tamthilia ilivyokuwa, kabla hatujaichafua. Nikapiga magoti mbele yake nikamwonyesha zile dakika nne. Kikombe. Mkono. Kimya.

"Umeona? Alikufa. Huyo mzungu wako hakupona. Na hata huko kufa ni kuigiza, anti. Si mtu mmoja. Hajawahi kuwa polisi, hajawahi kuwa daktari."

Shangazi aliangalia mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeonewa.

"Kwani unadhani mimi ni mjinga? Huyo nilimjua kabla yako. Huko Karen, mama mwenye nyumba alikuwa anamwangalia, na mimi napiga pasi hapo nyuma. Jumatatu alikuwa polisi. Alhamisi alikuwa mlevi. Kizungu sikuwa naskia, lakini macho niko nayo. Najua hiyo ni kazi yake."

"Sasa vidonge uliacha kwa nini?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Si yeye alisema. Ni wewe ulisema. 'Kunywa tu, mimi niko hapa.' Hiyo ni maneno yetu, nani mwingine anaijua? Nikajua ni mimi unaongelesha. Unajua mimi hubisha ukiniambia kwa uso, ukaona upitishie hapo."

Magoti yangu yalikuwa bado sakafuni. Ningeweza kusema mengi, na koo langu limezoea kupata la kusema. Nikasema lililokuwepo.

"Nilikuwa nadanganya, anti. Niliambiwa niseme nikasema."

Aliitazama chupa iliyo nyuma ya kalenda, halafu mguu, halafu mimi. Kisha akasema nimletee sweta yake, tuende.

Waliukata chini ya goti. Daktari alisema tungefika mwezi mmoja mapema, pengine vingekwenda vile vidole viwili tu. Alilisema hilo mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika begi lenye gambuti mbili, sijui nilizibebea nini.

River Road nilirudi mara moja tu, kumwomba bosi afute ile sehemu. Hakugombana nami. Alisema atafuta hii iliyo kwenye kompyuta yake, lakini zilizo kwenye flash za watu atazifuata wapi? Maji yakimwagika hayazoleki, akaniambia, na akaniuliza kama ninajua msichana mwingine mwenye sauti nzuri. Hata wiki haikuisha nikapita kwenye bucha moja Dagoretti, kati ya mizoga iliyoning'inia, nikajisikia kwenye spika, mtamu, mpole, nikimwambia mama ya mtu anywe tu. Wanawake watatu waliokuwa wakingoja nyama walinyamaza kusikiliza. Nikawaambia ni uongo, huyo ni mimi. Mmoja akanipisha njia, vile mtu anavyompisha mlevi.

Siku hizi ninakaa na shangazi. Matumbo ninayakamua mimi, kwa vidole hivi, na sijawahi kushika kitu safi zaidi tangu niiache ile soksi.

Juzi nilimpeleka kliniki kuangaliwa kidonda. Daktari alinieleza kwenye korido, nikarudi nikakaa karibu na kiti chake cha magurudumu.

"Anti, daktari amesema kimefunga vizuri kabisa. Umepona."

Hakunitazama. Aliinamisha kichwa upande, sikio likiwa kwangu, akisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio.

"Hiyo ni wewe unasema," akauliza, "ama ni kazi?"

"Ni mimi, anti."

Mkono wake ulitafuta goti la ule mguu uliokatwa.

"Wacha daktari akuje aniambie mwenyewe," akasema.

Nikaenda kumwita.